Lilienthal: Fundi wa mabawa aliyeruka mara 2,000 ndani ya saa tano

UKITAJA Mjerumani wa karne ya 19 kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, kuanzia Old Moshi hadi Kirua Vunjo na Kilema, kinachokuja kwanza ni habari za bunduki na kamba. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900, na jeraha hilo halijafutika hadi leo.

Mjerumani wa pili anayetajwa sana ni Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo Oktoba 6, 1889 akiwa na mwenzake Ludwig Purtscheller.

Yupo wa tatu. Huyu hakuwahi kukanyaga Kilimanjaro na wala hakumpiga mtu risasi huku. Mwaka uleule wa 1889, wakati Meyer anahangaika kupanda mlima, yeye alichapisha kitabu kuhusu namna ya kushuka mlima bila miguu kugusa ardhi. Jina lake ni Otto Lilienthal.

Kila mtu anayevaa bawa leo, akakimbia mtelemkoni na kuuacha upepo umbebe, anacheza mchezo ulioanzishwa na jamaa huyu. Chombo chake kinaitwa glaida. Hakina injini wala usukani. Ni bawa na mtu anayening'inia chini yake, basi.

Mashabiki wa soka wana sababu ya kumjua, maana maisha yake ni somo la mazoezi na vifaa. Na ni somo lililomgharimu uhai.

MWALIMU WA KWANZA ALIKUWA KORONGO

Lilienthal alizaliwa Mei 23, 1848 katika mji mdogo wa Anklam, kaskazini mashariki mwa Ujerumani. Wazazi wake walipata watoto wanane, lakini waliokua ni watatu tu: Otto, mdogo wake Gustav na dada yao Marie. Baba alifariki mwaka 1861, Otto akiwa na miaka 13, na mzigo wote ukamwangukia mama.

Mbugani nje ya mji kulikuwa na korongo weupe. Otto na Gustav walishinda huko wakiwachungulia. Waligundua jambo moja ambalo watoto wengine hawakuliona: korongo akishtuliwa hakimbii kufuata upepo. Anaukimbilia upepo unaomjia usoni, anapiga hatua chache, kisha anainuka. Hata kama aliyemshtua amesimama upande huohuo.

Korongo hao si wageni kwetu. Baridi ikianza Ulaya wanafunga safari ndefu kupitia Mashariki ya Kati na bonde la Nile, na wengi hufika Afrika Mashariki kati ya mwishoni mwa mwaka na Machi. Wanaoonekana kwenye tambarare za Tanzania wakizunguka juu bila kupiga bawa ni wa ukoo uleule uliomfundisha Otto kule Anklam.

Wale ndugu wawili wakaamua kujaribu. Wakatengeneza mabawa ya mbao nyembamba, wakayafunga mikononi na kukimbia nayo kuteremka kilima. Walifanya usiku, maana mchana wenzao wa shule wangewacheka. Hawakuinuka hata kidogo, ila hawakuacha.

KAZI KWANZA, MABAWA BAADAYE

Otto alisomea uhandisi Berlin kuanzia 1867, akamaliza 1870, kisha akaingia vitani kupigana na Ufaransa. Aliporudi alikuwa bado na hamu ileile ya kuruka, ila hakuwa na pesa.

Akiwa na Gustav walibuni matofali madogo ya kuchezea watoto, yaliyotengenezwa kwa mchanga na chokaa. Mauzo yakawashinda, wakauza kanuni yao kwa mfanyabiashara aliyeitwa Richter. Huyo ndiye aliyetajirika, na matofali hayo yakajulikana dunia nzima. Walioumiza kichwa wakabaki na hadithi.

Otto hakukata tamaa. Alibuni boila ndogo ya mvuke iliyokuwa salama kuliko za wakati ule, na mwaka 1883 akafungua karakana yake Berlin. Biashara ikasimama. Mwaka 1890 alianza kuwagawia wafanyakazi wake robo ya faida, jambo ambalo matajiri wa siku zile hawakulipenda hata kulisikia. Alikuwa pia mpenzi wa maigizo. Aliandika mchezo wa kuigiza na kupanda jukwaani mwenyewe.

Mwaka 1878 alimuoa Agnes Fischer, wakapata watoto wanne. Nyumbani kwao nje kidogo ya Berlin alifuga makinda ya korongo ili ayatazame yakijifunza kuruka. Mtu mzima, mwenye karakana na familia, alikuwa bado mwanafunzi wa ndege.

Kwa miaka mingi yeye na Gustav walipima. Walitengeneza mkono mrefu unaozunguka, wakafunga vibawa vya maumbo tofauti, wakaandika ni nguvu kiasi gani kila umbo linainua. Jibu likawa wazi: bawa lililopinda kidogo kama la ndege linabeba vizuri kuliko bawa bapa kama ubao. Hayo ndiyo yaliyojaza kitabu cha 1889, kikiwa na michoro na majedwali ya namba.

Alikuwa na makosa yake pia. Hadi mwisho aliamini kwamba chombo chenye injini kingesonga mbele kwa kupigapiga mabawa kama ndege, na alijaribu kutengeneza injini ya namna hiyo. Njia hiyo haikumfikisha popote. Ila kwenye kuteleza hewani hakuwa na mpinzani.

MITA 25 ZA KWANZA

Kitabu pekee hakimwinui mtu. Mwaka 1891, akiwa na miaka 43, umri ambao mchezaji wa soka ameshatundika daluga, Lilienthal alichukua bawa lake hadi kijiji cha Derwitz karibu na Potsdam. Alikimbia, akaruka, akateleza hewani kiasi cha mita 25.

Mita 25 ni pale ambapo mpigaji wa friikiki anautenga mpira akitazama ukuta. Si mbali. Lakini kabla ya hapo hakuna binadamu aliyewahi kuruka na bawa, akarudia, akarudia tena, na kuandika kila alichokiona.

Kurudia ndiyo ilikuwa siri yake. Wengine kabla yake walijenga mtambo mkubwa, wakajaribu mara moja mbele ya watu, wakaanguka, hadithi ikaisha. Lilienthal alipiga tizi. Alianza na ubao wa kurukia bustanini kwake, akaenda vilima vidogo, akaongeza urefu taratibu. Kuanzia 1893 alikwenda kwenye vilima vya Rhinow, ambako alifikisha mita 250. Hizo ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa goli kwa goli.

Mwaka 1894 alijenga kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, Berlin, kwa udongo uliotupwa na kiwanda cha matofali. Kilikuwa na urefu wa mita 15, sawa na magoli sita yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kilikuwa cha mviringo makusudi: upepo ukitoka upande wowote, anageuka tu na kuukabili. Ndani ya kilima aliweka stoo ya mabawa. Huo ulikuwa uwanja wake wa mazoezi, na watu wa Berlin walikuja kutazama kama wanavyokwenda mpirani.

UPEPO WA MTELEMKO

Kwa nini alihitaji kilima? Watu wa Kirua Vunjo wanaweza kulielewa hili haraka kuliko mtu wa mji wa tambarare.

Asubuhi jua likishapiga mtelemko wa Kilimanjaro, hewa inapata joto na kuanza kupanda kutoka uwanda wa Himo na Kahe, kupitia migombani hadi msituni. Ndiyo maana mlima unaoonekana wazi alfajiri hujifunika mawingu mchana. Usiku mambo yanageuka, hewa ya baridi inashuka kwenda chini.

Upepo unaogonga mtelemko hauna pa kupita, unapanda juu. Anayeteleza na bawa anashuka, lakini anashuka ndani ya hewa inayopanda. Kama hewa inapanda kwa kasi sawa na anavyoshuka, anabaki palepale alipo juu. Kama inapanda kwa kasi zaidi, anainuka kuliko alikoanzia. Lilienthal alifanya hivyo Rhinow, hadi akaweza kuzungumza na watu waliosimama chini huku akiwa ametulia hewani.

Lakini upepo huohuo una hila. Hewa ya moto haipandi sawasawa kama moshi wa jiko moja. Inapanda kwa mafungu. Fungu moja linakusukuma juu, linakupita, linakuacha. Bawa likielekea juu kupita kiasi linapoteza kasi, na likipoteza kasi halibebi tena.

Na Lilienthal hakuwa na usukani. Alishika fremu kwa mikono, mwili kuanzia kiunoni ukining'inia. Akitaka kwenda kulia alirusha miguu kulia. Akitaka kushusha pua ya bawa alirusha miguu mbele. Kila kona ilikuwa ni nguvu ya mwili wake tu.

BAWA LINALOUZWA

Mwaka 1894 alitengeneza bawa aliloliona limekamilika kiasi cha kuuzwa. Fremu ilikuwa ya fito nyepesi, juu imevikwa kitambaa cha pamba. Liliweza kukunjwa na kubebwa. Uzito kilo 20. Upana kutoka ncha hadi ncha mita 6.7, pungufu kidogo ya goli la mpira. Mbele aliweka upinde wa mti wa kupokea kishindo akianguka.

Bei ilikuwa mark 500, na aliuza takriban tisa. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kurudiwa na kuuzwa kwa wateja. Waliolinunua hawakuwa watu wa mchezomchezo. Nikolai Zhukovsky, profesa wa Moscow, alilinunua. George Francis FitzGerald wa Dublin pia. Percy Pilcher, kijana wa Uingereza, alikwenda Ujerumani mwenyewe, akafundishwa na Lilienthal, akarudi na bawa.

Hapo ndipo ilipozaliwa jamii ya warukaji: watu waliotawanyika nchi mbalimbali, wakiandikiana, wakitumiana picha na vipimo, na kupeana vifaa. Na kama ilivyo kwa daluga za mtumba pale soko la Memorial, kifaa kilianza kupita mkono hadi mkono.

Bawa moja lilinunuliwa mwaka 1896 na William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti wa Marekani. Alitaka habari ya kuuzia gazeti. Mwanariadha mmoja wa New Jersey aliyeitwa Harry Bodine akalirusha mara kadhaa. Kisha bawa likahamia kwa John Brisben Walker, mhariri wa jarida, na mwaka 1906 naye akalitoa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Lipo hadi leo.

Lakini mtumba wa mabawa si sawa na mtumba wa daluga. Daluga ikiachia soli, unatolewa nje unabadilisha. Bawa likiachia, hakuna benchi. Anayenunua glaida iliyotumika anapaswa kuchungulia kila mshono, kila fito na kila waya, na kujua imeangushwa mara ngapi. Juu ya hapo, anapaswa kujua kwamba kununua bawa la bingwa si kununua mazoezi ya bingwa. Wengi wa wateja wa Lilienthal waliruka kidogo tu au hawakuruka kabisa. Kifaa walikuwa nacho, miguu yake hawakuwa nayo.

JUMAPILI YA AGOSTI

Jumapili ya Agosti 9, 1896, Lilienthal alikwenda kwenye kilima cha Gollenberg karibu na kijiji cha Stölln, eneo lilelile la Rhinow. Alikuwa na fundi wake, Paul Beylich. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, jua kali. Alisharuka vizuri siku hiyo.

Akapanda tena. Akiwa hewani, fungu la hewa likaliinua bawa ghafla, pua ikaelekea juu, kasi ikaisha. Alirusha miguu mbele kujaribu kuishusha pua. Haikutosha. Alianguka kutoka kiasi cha mita 15, urefu wa kilima chake cha mazoezi.

Shingo ilikuwa imevunjika. Beylich na wenzake walimbeba, akapelekwa kwa mkokoteni wa farasi, kisha kwa treni hadi Berlin. Alifariki siku iliyofuata, Agosti 10, akiwa na miaka 48. Aliacha mjane na watoto wanne.

Pilcher aliendeleza kazi Uingereza. Septemba 30, 1899 aliwaalika watu kuja kutazama. Mvua ilikuwa imelilowesha bawa lake, lakini hakutaka kuwaangusha wageni. Akaruka. Sehemu ya mkia ikavunjika hewani, akaanguka, na siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 32. Kifaa kilicholowa na watazamaji waliokwisha kukaa: mchezaji yeyote aliyewahi kuingia uwanjani na goti bovu kwa sababu jukwaa limejaa anaielewa hesabu hiyo.

MECHI TATU NA MUDA WA NYONGEZA

Habari za kifo cha Lilienthal zilifika Dayton, Marekani, kwa ndugu wawili mafundi baiskeli, Wilbur na Orville Wright. Kifo hicho ndicho kilichowasukuma waanze kusoma mambo ya kuruka, na majedwali ya Lilienthal yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovishika.

Wilbur alipiga hesabu moja ya ajabu. Lilienthal alikuwa ameruka zaidi ya mara 2,000 katika miaka mitano. Lakini kila mruko ulikuwa wa sekunde chache. Ukijumlisha muda wote aliokuwa hewani, haukuzidi kiasi cha saa tano.

Saa tano ni dakika 300. Ni mechi tatu za soka, ya mwisho ikienda dakika 30 za nyongeza. Hayo ndiyo mazoezi yote aliyoyapata binadamu aliyekuwa anajua kuruka kuliko wote duniani. Nani angemlaumu beki aliyekosea akiwa amecheza mechi tatu tu maisha yake yote?

Ndugu Wright wakachukua mawili kutoka hapo. Kwanza, lazima uruke mara nyingi na kwa muda mrefu, ukiwa karibu na ardhi. Msimu wa 1902 walirusha glaida yao mara zinazokaribia elfu moja pale Kitty Hawk. Pili, kurusha miguu hakutoshi, bawa lenyewe lazima litii mkono wa mrukaji. Desemba 17, 1903 wakaruka na injini.

Lilienthal alikuwa ameota kwamba siku watu wakiruka, mipaka ya nchi itakosa maana na vita vitaisha. Haikuwa hivyo. Machi 1916, miaka 20 tu baada ya kifo chake, jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia kutoka Taveta kuiteka Moshi, ndege za Waingereza zilikuwa angani zikichungulia ngome za Wajerumani. Ndege za kwanza katika anga la upande huu wa mlima zilikuja kwa vita.

Mchezo wenyewe ulisubiri. Mwaka 1948 Mmarekani Francis Rogallo na mkewe Gertrude walibuni bawa laini la kitambaa, na kuanzia miaka ya 1960 bawa hilo likafufua kuruka kwa kuning'inia. Mrukaji wa leo hashiki fremu kwa makwapa. Ananing'inia kwa mikanda, mwili mzima chini ya bawa, na mbele yake ana mwamba wa kushika. Akiuvuta, pua inashuka. Ndicho alichokikosa Lilienthal ile Jumapili.

Hata hivyo upepo haujabadilika. Mwaka 2013 kundi kubwa la warukaji wa mabawa ya parashuti kutoka nchi mbalimbali lilipanda Kilimanjaro kwa nia ya kuruka kutoka kileleni. Walikuwa na vifaa ambavyo Lilienthal asingeviota. Upepo na mawingu vikawazuia walio wengi, wakashuka kwa miguu kama watalii wengine. Hakuna aliyepaswa kuona aibu kwa hilo. Kushuka kwa miguu siku ambayo upepo umekataa ni sehemu ya mchezo, na pengine ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Kile kilima cha Lichterfelde bado kipo, kimefanywa kumbukumbu yake tangu 1932. Mabawa yake machache yamesalia kwenye makumbusho. Na kila mwaka, baridi ikiingia Anklam, korongo wanafunga safari kuja huku kwetu. Wanaondoka wakiukabili upepo, kama babu zao walivyomwonyesha yule mtoto.